Gari Lililougua Mnunuzi Akija

Gari la marehemu baba liliugua kila Jumamosi ambayo mnunuzi alikuja kulitazama. Siku nyingine zote lilikuwa zima, linapanda vilima vya Ntinda, hapa Kampala, bila kulalamika. Ajitokeze mtu wa kulinunua, linaanza kutetemeka na kupiga kwikwi, halina nguvu hata ya kuipita bodaboda iliyobeba kitanda. Mimi ni mtoto wa polisi. Baba alikuwa akisema kila mtu ana kesi, ila faili lake tu ndilo halijafunguliwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza gari lina nini, niliuliza ni nani.

Baba alimwachia mama nyumba ndogo Ntinda na gari hilo kuukuu, ambalo mama hajui kuliendesha. Mimi naishi kwenye maghorofa ya Bugolobi. Kila Jumamosi nilikwenda kuliwasha ili betri isife, nikampeleka mama sokoni, nikala chakula chake cha mchana, nikarudi kwangu. Mwishowe nikachoka. Gari linazeeka, spea zake ni za kutafuta kwa tochi, na mimi nina langu. Nikamwambia mama tuliuze.

“Uza tu, mwanangu,” alisema, akiendelea kuchambua mboga. “Mwenye gari hayuko tena.”

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mwalimu, mtu mpole. Nilimpakia tukaenda kujaribu mlima. Katikati ya mwinuko nikakanyaga mafuta mpaka chini, gari likatikisika mpaka kioo cha ndani kikageuka kunitazama mimi. Wanawake wawili waliobeba ndizi kichwani wakatupita kwa miguu. Mwalimu akasema amekumbuka ana kikao, akashuka hapohapo.

Fundi wa baba ni Mkongo wa Bukavu mwenye gereji ya uwanja wazi kule Bwaise, kando ya mtaro unaofurika kila mvua ikinyesha. Nilikumbuka maneno aliyoniambia siku za matanga: “Yaya, siku mutauza iyi gari, munaniambia mi wa kwanza.” Yaya kwao ni kaka. Wakati ule niliyasikia kama pole. Sasa yakawa na harufu. Gari likikataa kupanda mlima, bei nayo itashuka, na nani atakuwa amesimama pale chini akingoja? Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea.

Nikaenda naye mama. Kampala huliachi gari gereji ukaenda zako. Utaacha betri mpya, urudi ukute kuukuu iliyopanguswa vizuri. Ndiyo maana kila gereji ina benchi la wenye magari, wamekaa kimya kama wafiwa, wanalinda spea zao. Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya mama tangu mimi mdogo. Baba akiwa zamu, fundi alikuja kulichukua gari na mama alipanda ndani na kigoda chake, chupa ya chai na kitambaa cha kufuma. Alikaa mbele ya boneti mpaka jioni. Hakuna spea yetu iliyowahi kupotea.

Siku hiyo pia alikaa, na macho yake hayakutoka kwenye mikono ya fundi. Nilifurahi sana kuona bado yuko macho.

“Inamisi,” fundi alisema kabla sijazima injini, yaani silinda moja haichomi. Akaacha ingurume, akawa anachomoa nyaya za plagi mmoja mmoja na kuurudisha. Akichomoa wa kwanza, injini ilizidi kulegea. Wa pili, vilevile. Wa tatu alipouchomoa, hakuna kilichobadilika. “Ona. Uyu alikuwa amelala, ao watatu ndio wanatumika.” Waya ulikuwa umewekwa juu ya plagi kama kofia, haukusukumwa ndani. Akaubana, na gari likatulia.

“Ulijilegeza wenyewe?” nikamuuliza, kwa sauti ya baba.

“Yaya, waya haina miguu.”

Nikasema moyoni, huyu anajua zaidi ya anavyosema. Kabla ya kuondoka nilitoa mfukoni rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikatia nukta kwenye betri, kwenye plagi, kwenye kila kitu kinachofunguka. Wenye magari wengi hufanya hivyo, ukibadilishiwa, unajua. Mama aliniangalia nikipaka. Akasema baba yangu angefurahi.

Mnunuzi wa pili alikuwa mfanyabiashara wa Kenya. Safari hii gari halikufika hata mlimani. Lilitetemeka lango likiwa bado wazi, likazima, likawaka, likazima. Mkenya alicheka, akaniambia nimpigie likipona.

Nikafungua boneti. Nukta zangu zote zilikuwepo. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Mwizi anayeiba namwelewa, lakini huyu anakuja, anaharibu, na hachukui kitu. Nikamshuku mpangaji wa jirani ambaye hunisalimu kwa adabu kupita kiasi. Nikamshuku mlinzi wa mtaa. Nikamshuku hata kaka yangu aliye mbali kule Gulu, kwamba huenda amemtuma mtu kwa sababu hakutaka liuzwe. Aibu naisema sasa. Wakati ule niliona ni akili.

Tukarudi Bwaise, mama na kigoda chake. Nyaya zote zilikuwa zimebana. Fundi akachukua kipande cha mpira, akatia ncha moja sikioni na nyingine akaitembeza juu ya injini, akisikiliza. Nyuma kabisa, mahali ambapo jicho halifiki, akasimama. “Inavuta hewa apa.” Kimpira chembamba kama kidole kilikuwa kimechomoka na kuachwa kinaning’inia. Mama akasonya. Nilidhani anamsonya mhalifu.

Fundi akafuta mikono, akanivuta kando. “Yaya, boneti inafunguka kwa ndani. Fungulo inalala kwa nani?”

“Kwa mama,” nikasema, na hasira ikanipanda. Mzee wa watu ana miaka hii yote, hajui hata kushika usukani, na huyu anataka kumtwisha kesi! Nilimwambia asithubutu. Fundi alimtazama mama kule kwenye kigoda, akainamisha kichwa kwa heshima, akaenda kwenye gari jingine.

Mnunuzi wa tatu alikuwa aje Jumamosi. Nikaamua kumtegea mtego mharibifu wangu. Ijumaa mchana nikaomba ruhusa kazini, nikaliacha gari langu mbali, nikaingia uani kwa mlango wa nyuma.

Boneti ilikuwa wazi. Mama alikuwa amepanda juu ya kigoda chake kilekile, leso kiunoni, mkono umezama nyuma ya injini mpaka begani. Hakushtuka. Alinitazama kama mtu aliyekutwa akipika.

“Funga mlango,” akasema. “Watu wataona.”

Nikafunga. Nilikuwa na maswali mengi, yakatoka mawili tu: kwa nini, na nani alimfundisha.

“Mimi nakaa gereji miaka yote ile, wewe nadhani mimi naangalia ndege?” Akashuka polepole, akashika ukingo wa gari. “Uza gari, sawa. Mimi sikatai. Lakini gari ikienda, Jumamosi wewe nakuja hapa kufanya nini?”

“Nitakuja, mama. Nitakuja kukuona.”

“Ndugu yako pia alisema hivyo.”

Nilitaka kuapa. Kisha nikakumbuka kwamba katika Jumamosi zote hizo, nilipofika nilianza kulisalimu gari. Nilizunguka nikitazama matairi, nikawasha, nikasikiliza, na yeye alisimama mlangoni na mkoba wake wa sokoni akingoja zamu yake.

Akapanda tena kigodani, akatia mkono nyuma ya injini bila kutazama, akakisukuma kimpira mahali pake. “Washa.”

Nikawasha. Injini ikanguruma taratibu, haina tetemeko hata kidogo. Mama akafunga boneti, akaingia ndani kuweka chai.

Jioni mnunuzi alinipigia kuuliza kama kesho aje. Nikamwambia apumzike tu, gari linamisi vibaya, na fundi hajui tatizo liko wapi.