Kengele Kabla ya Swali

Najma alikuwa msichana wa kutosikika. Alikulia mtaa wa Gerezani, nyuma ya gereji, ambako nyundo hugonga mabati tangu asubuhi, akajifunza kusoma ndani ya makelele hayo kama mtu aliye peke yake. Kwa hiyo alipochaguliwa kwenda fainali ya chemsha bongo ya shule za sekondari, mama yake, Siwema, aliifunga meza yake ya mashati pale soko la Mchikichini, akaja kukaa mstari wa mbele, kanga yake ikinuka dawa ya nondo ya marobota ya mitumba.

Ukumbi ulikuwa na joto la watu na harufu ya rangi mbichi. Shule mbili zilikuwa sare. Lilibaki swali moja la kuamua kombe, na shule ya kina Najma haikuwahi kulishika.

"Gesi isiyo na rangi..." akaanza muulizaji.

Kengele ilikuwa ya baridi chini ya kiganja. Najma akaigonga.

"Amonia!"

Ukumbi ukalipuka.

"Mchawi huyo!" akapiga kelele mvulana wa nyuma. "Oya, tutabirie na mechi ya Jumamosi!"

Vigelegele vya Siwema vikapanda hadi kwenye mapanga ya feni.

Muulizaji hakucheka. "Jibu ni hilo. Lakini gesi zisizo na rangi ni nyingi, binti, na swali sijalimaliza. Umejuaje?"

Najma akafungua mdomo. Ndipo akalisikia swali lile la gesi kwa sauti nyingine: ya Mwalimu Melkiori, aliyewaandaa kwa shindano, jana darasani, chaki ikikwaruza ubao, pumzi yake ikinukia pipi ya mnanaa. Maneno yaleyale. Na la kabla ya hilo. Na la kwanza kabisa. Yeye alidhani ni mazoezi!

Akamtafuta mwalimu kwa macho. Mwalimu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mjibu, mwanangu!" akasema Siwema. "Mwambie unasoma!"

"Mwalimu alituuliza jana," Najma akasema, kwa sauti iliyomshtua mwenyewe. "Maswali yote. Hayahaya."

Kigelegele kilichokuwa kinaanza kikafia kooni mwa mama yake. Muulizaji akalibeba kombe, akaliweka mbele ya Evarista, nahodha wa upande wa pili, naye asiliguse. Mkono wa Najma, bado juu ya kengele, ukateleza. Kengele ikalia. Hakuna aliyecheka.