Kadi ya Sindano ya Jirani Yangu

Nilipopata mimba ya nne, sikumwambia mtu kwa wiki tano. Nilijua siku harufu ya mafuta ya taa iliponishinda, nikazima stovu, nikaketi kitandani na kushika godoro kwa mikono miwili. Mama wengine hutabasamu wanapojua. Mimi nilitetemeka.

Nilikuwa na sababu. Mtoto wangu wa tatu alitoka vizuri, akalia vizuri, kisha damu ikakataa kusimama. Nakumbuka wakunga wakikimbia. Nakumbuka baridi iliyoanzia vidoleni ikapanda mpaka kifuani. Baada ya hapo sikumbuki kitu hadi kesho yake. Mume wangu alikabidhiwa nguo zangu langoni mwa hospitali zikiwa kwenye mfuko wa nailoni, akaelewa kwamba nimekufa. Alikaa na mfuko ule mapajani asubuhi nzima kabla ya mtu kumwambia niko hai. Yeye mwenyewe hakuwahi kunisimulia. Nilikuja kusikia kwa watu wa kwao. Daktari aliniambia nisishike mimba tena upesi, na nikarudi nyumbani na tembe za kupanga uzazi.

Nilizimeza miezi minane. Tulikuwa tukiishi Makongeni, nyumba za reli, chumba kimoja na jiko dogo la kupikia nyuma, na mfereji mmoja wa maji kwa safu nzima. Pale mfereji ndipo tulipopata habari zote. Mama mmoja alisema tembe hazisagiki tumboni, hukaa moja juu ya nyingine mpaka zikawa kokoto. Mwingine alisema koili hupanda ikaenda kukwama kwenye moyo. Sindano, walisema, hukausha mwanamke akawa kama gunzi. Nilicheka pamoja nao, nikajaza ndoo yangu, nikaenda. Lakini nilipolala chali nilibonyeza tumbo, na siku moja nikahisi kitu kigumu. Nikaacha kumeza. Sikumwuliza nesi wala mume wangu. Niliogopa kokoto, nikasahau damu.

Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa mwanamke mwenye wasichana wanne. Waume zetu walifanya kazi karakana moja, wakitengeneza mabehewa, na yeye pia alikuwa mjamzito. Tumbo lake lilikuwa limeshashuka wakati langu lilikuwa na miezi minne. Ndiye aliyeniona nikitapika kando ya mtaro, akasema bila kuzunguka, "Dadangu, kesho tunaenda kliniki pamoja. Vaa viatu vya kutembea."

Kliniki ilikuwa ng'ambo ya Barabara ya Jogoo. Tulikaa kwenye mabenchi, sote wajawazito, na nesi mmoja wa makamo, mwenye sauti ya chini, akaja na sinia ya bati. Juu yake palikuwa na pakiti za tembe, koili, mipira na chupa ndogo ya dawa ya sindano. Alishika kimoja kimoja akiuliza, "Hii ni nini?"

Tukaangalia miguu yetu iliyovimba.

"Sawa," akasema. "Basi msiniambie mnachojua. Niambieni mlichosikia."

Hapo midomo ikafunguka. Kokoto, moyo, gunzi, kumbe yale ya mfereji wetu yalikuwa yamefika mitaa yote. Nesi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwaga maji kwenye gilasi, akatumbukiza tembe moja, akaiweka gilasi dirishani na kuendelea kufundisha mambo ya madini ya damu na kula mboga. Alipoirudia gilasi, tembe haikuwepo tena. Palikuwa na unga mweupe kidogo chini, na alipoutikisa ukapotea.

"Kokoto iko wapi?" akauliza.

Wengine walicheka. Mimi nilihisi machozi yakinipanda. Nilikuwa nimebeba mimba iliyoweza kuniua kwa sababu ya kitu kinachoyeyuka kwenye gilasi ya maji.

Aliposoma kadi yangu ya uzazi uliopita aliniita chumba cha pili. "Mama, wewe huzalii nyumbani. Uchungu ukianza tu, hospitali. Umesikia?"

"Nimesikia, sista."

"Na baada ya huyu, daktari angependelea ufungwe mirija. Lakini hawafanyi bila mume kutia sahihi." Alinipa karatasi iliyopigwa chapa, na mstari mtupu pale chini. "Mpe asome. Zungumzeni. Muda mnao."

Sikumpa. Mume wangu hakuwa mtu wa kupiga, wala wa kelele. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na kunyamaza kwake kulinitisha kuliko kelele za waume wa wengine. Yeye ndiye mwana wa pekee wa mama yake. Kila tulipoenda nyumbani magharibi, mkwe wangu alihesabu watoto wangu kwa macho wakishuka, kisha akaangalia nyuma yao kana kwamba wengine wamebaki njiani. Nilikuwa na mashine ya kufuma sweta za shule, na kando yake sanduku la nyuzi ambalo hakuna aliyeligusa ila mimi. Karatasi nikaificha chini kabisa, chini ya nyuzi za rangi ya damu ya mzee.

Jirani yangu akajifungua. Msichana wa tano. Mume wake alikuja kumtazama mtoto, akamfunika uso na blanketi polepole, akatoka nje akasimama na mikono mifukoni. Baada ya wiki sita mwenzangu alikwenda kliniki kumpeleka mtoto, na aliporudi alipitia kwangu kabla ya kuingia kwake. Akatoa kadi ndogo kifuani.

"Nimedungwa," akasema. "Ya miezi mitatu. Nikikaa nayo nyumbani mume wangu ataiona. Mwaka ule alipopata tembe alizimwaga mbele ya watoto, akasema mke anayemeza hizi ana mwanamume wake kando. Nilirudishwa kwetu mwezi mzima. Nifichie."

Nilitaka kukataa. Nilikuwa na hofu yangu ya kutosha. Lakini alikuwa amenyoosha mkono na mtoto yuko mgongoni, na ni yeye aliyenitoa kando ya mtaro. Nikaipokea. Ikalala pamoja na karatasi yangu.

Miezi ikaenda, tumbo langu likawa kubwa. Kila wiki nesi alinipima, akaniuliza, "Baba amesoma?" nami nikajibu, "Bado kidogo, sista." Nilianza kuota nguo zangu ndani ya ule mfuko wa nailoni.

Jumapili moja, baada ya kanisa, nilikuwa nje nikianika nepi za kuazima. Mume wangu alitaka uzi wa kufungia mguu wa meza. Niliporudi ndani, sanduku lilikuwa wazi, nyuzi zimetolewa na kupangwa vizuri kitandani, naye amekaa, karatasi goti hili, kadi goti lile.

"Hii ni yako," akasema, akigusa karatasi.

"Ni yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mimba ikiwa na miezi minne."

Akaigusa kadi. Jina lilikuwa pale juu kwa wino wa buluu, na alimjua mwenye jina kama alivyonijua mimi. "Na hii?"

Nilianza kurudisha nyuzi sandukuni. Alisimama, akavikunja vyote viwili, akavitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akavaa koti na kutoka.

Nilifunga mlango nikauegemea kwa mgongo. Kuta za nyumba zile zilipitisha hata kikohozi. Nilisikiliza ng'ambo, nikisubiri sauti ya mwanamume ikipanda, sufuria zikianguka, watoto wakilia. Nilisikia redio ikitangaza mpira. Nilisikia mwenzangu akimwimbia mtoto. Mtoto wangu tumboni alikuwa akisukuma kwa nguvu, nami nikamwambia kimya kimya atulie, tusikose kusikia. Mume wangu alirudi wakati wa chai, akanywa, akafunga mguu wa meza kwa kamba. Jumatatu akaenda kazini, akiwa ndani ya koti lile lile, kufanya kazi bega kwa bega na mume wa mwenye kadi.

Sikumwambia jirani yangu. Hili ndilo ninaloona aibu kulisema mpaka leo. Tulikutana mfereji kila asubuhi, akanisalimu, nikaitikia huku nikimwangalia kama yuko mzima. Niliogopa kwamba nikimwambia atapiga yowe, na yowe ndilo litakalomfichua. Ama labda niliogopa tu asije akanichukia. Siku tatu zikapita hivyo.

Jumatano alikuja mwenyewe, mtoto akinyonya. "Kesho ndiyo tarehe yangu. Nipe ile kitu."

Nikamwambia yote. Aliketi kitandani polepole. Mtoto aliachia ziwa naye hakuona.

"Ana hasira?" akauliza.

"Sijui. Hasemi."

"Amemwambia wangu?"

"Ningesikia. Hata wewe ungeshajua."

Alikaa sana akiangalia mlango wake kupitia kwenye mlango wangu uliokuwa wazi. Nilingoja anitukane. Kisha akarekebisha kanga. "Nitaenda bila kadi," akasema. "Wakinifukuza nitakaa pale pale kwenye benchi. Wasichana watano, dadangu. Siwezi."

Tulienda pamoja, mimi nikitembea kama bata, yeye akigeuka kila hatua kumi kuangalia nyuma. Pale dirishani msichana wa kuandikisha alisema hakuna kadi, hakuna huduma. Mwenzangu akaketi kwenye benchi. Yule nesi wa gilasi akatuona, akaja, akafungua kitabu kikubwa cha kliniki akashuka kwa kidole mpaka akalipata jina. Alimdunga, akamwandikia kadi nyingine. "Hii nitakaa nayo mimi hapa droo yangu," akasema. "Wewe njoo na kichwa chako tu." Nilitamani sana angefanya hivyo tangu mwanzo.

Uchungu wangu ulianza wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, nikiwa kwenye mashine. Jirani alimtuma mtu karakana, na mume wangu akafika akiwa na grisi mikononi, akatafuta teksi. Njiani alinishika kifundo cha mkono, si kiganja, kama mtu anayesikiliza mapigo. Pale mapokezi, karani alipouliza kuhusu karatasi za mgonjwa, aliingiza mkono ndani ya koti. Karatasi ilikuwa imelainika kama kitambaa. Kwenye mstari wa chini palikuwa na sahihi yake.

"Ulitia lini?" nikamwuliza, nimeinama kwa maumivu.

"Jumapili ile ile." Akafuta grisi kwenye suruali. "Nilishindwa kukupa. Nikikupa ni kama nimekubali kwamba unaweza kufa."

"Na kadi?"

Aliangalia pembeni. "Niliitupa kwenye tanuri kazini. Mtu angenikuta na kadi ya mke wa mwenzangu, ningesema nini? Niliogopa."

Ningecheka, lau si uchungu. Siku zote zile mimi nilikuwa nikimwogopa yeye, kumbe naye alikuwa anatembea na hofu yake mfukoni.

Nilitokwa na damu tena. Safari hii walikuwa wamejiandaa, chupa za damu ziko tayari, na baridi iliishia kwenye magoti. Msichana. Siku ya tatu wakanipeleka kufungwa mirija. Nilipolala pale mezani chini ya taa nilitetemeka hadi nesi akanishika miguu. Yale ya mfereji yalinirudia yote, hata yale niliyoyaona yakiyeyuka kwa macho yangu. Niliamka nikiwa na kidonda kidogo chini ya kitovu na kiu kali. Hakuna kingine kilichobadilika. Mume wangu alimwambia mama yake kwamba madaktari waliamua wenyewe wakati nimezimia. Mkwe wangu aliwalaani madaktari kwa miaka mingi, nami nikamwitikia nikimmiminia chai.

Mwenzangu aliendelea kudungwa, nami nikimsindikiza kliniki kila miezi mitatu. Mwaka wa pili mume wake alianza kusema tumbo limefungwa na watu, akampeleka kwa maombi. Aliniomba nimsindikize. Alipiga magoti, mchungaji akamwekea mikono kichwani, akasema kama kuna mtu anayejua jambo lililofichwa kuhusu tumbo hili, roho imsukume aseme sasa. Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake. Mume wake alikuwa kando yangu, macho yamefumbwa, na niliuma ulimi mpaka nikahisi chumvi. Kisha wakaimba, tukatoka.

Reli ilipopunguza wafanyakazi, wao walikuwa wa kwanza kupewa barua. Walihama kurudi nyumbani kwao na wasichana wao watano, wa mwisho akiwa amefika umri wa kuanza shule. Nilitoka kusaidia kubeba vyombo. Mume wake alikuwa akifunga kitanda kwenye mkokoteni, na nilipompa kamba alisema bila kuinua kichwa, "Asante, mama, kwa zile safari zenu za kliniki."

Mtoto wao alikuwa ameshamaliza chanjo zote miaka mingi nyuma; safari zilizobaki zilikuwa za sindano tu. Nilimtazama usoni nione ni shukrani au ni kisu, lakini alikuwa amekaza fundo kwa meno, kisha akaita watoto wapande. Mwenzangu alikuwa mbele, na chungu cha maua kifuani, akinipungia mkono. Sikupata nafasi ya kumwambia alichosema mumewe.