Soksi Chini ya Rangi

Tangu niolewe nakula vumbi la puti ya kusawazishia bodi za magari. Liko kwenye chai, liko kwenye mito, liko masikioni mwa mume wangu Ergash hata akitoka kuoga. Yeye ni fundi bodi hapa Kokand, karakana yake iko uani kwetu, na harufu ya puti mbichi inanichefua mpaka leo. Ndiyo maana Sanjar alipokuja kumposa binti yetu Nafosat, nilimpenda kabla hajaketi. Naye ni fundi bodi, ana karakana yake Margilan, mji wa jirani, lakini kucha zake zilikuwa safi na alinukia vizuri. Nikaona mwanangu kapona.

Kwa kazi huyu mume wangu ni msumbufu. Bati lililooza hulikata lote, akachomelea jipya, akalinyoosha kwa nyundo mpaka puti inayobaki kupaka ni utando tu. Halafu msasa, halafu praima, ile rangi ya kwanza, halafu msasa tena, huku anapapasa bodi amefumba macho. Wateja humwita kobe. Aliyewahi kumwomba apige praima juu ya kutu alifukuzwa pamoja na gari lake.

Ijumaa tulikuwa tuvunje mkate. Kwetu wazee wa pande mbili wakishaumega pamoja, binti ameshachumbiwa, na kurudi nyuma ni aibu ya ukoo mzima.

Alhamisi akaja jirani yetu, Mwalimu Hosiyat, na gari jeupe alilolinunua karibuni. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge kwenye kizingiti, chini ya milango. Ergash akapiga magoti, akachomeka bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Akaniita nimshikie taa.

Puti ilikuwa nene kuliko kidole gumba changu, na nyuma yake hapakuwa na bati hata kidogo. Palijazwa sponji la godoro, magazeti na soksi ya mwanamume, vyote vimelowa, vimeota ukungu. Ergash alipoivuta ile soksi, funza wakadondoka. Nilikwenda kutapika chini ya mforosadi. Humo ndimo mwalimu alimokuwa akiwapakia wajukuu zake kila asubuhi. Gari likigongwa ubavuni, kinga yao ni soksi.

Ergash akamuuliza kalinunua wapi. Mwalimu akasema kwa kijana mmoja wa Margilan, mpole, msafi, aliyeapa kwamba kizingiti kakitengeneza kwa mkono wake. Akalitaja jina: Sanjar.

Sikulala. Ergash alisema hatamhukumu mtu kwa maneno ya mtu mwingine, atamuuliza mwenyewe.

Ijumaa wageni wakaja, Sanjar na wazazi wake na shangazi yake, pilau ikaliwa, mkate waliouleta ukafunguliwa kwenye kitambaa chake, ukawekwa katikati. Baba yake Sanjar akaushika upande mmoja, akangoja Ergash ashike wa pili. Ergash akatoa kipande cha puti mfukoni, ile soksi bado imegandia nyuma yake, akakiweka kwenye kitambaa cha chakula. Harufu ikasambaa. Shangazi wa kijana akaziba pua kwa ushungi.

"Hii kazi yako, mwanangu?" Ergash akauliza, tena kwa upole.

Sanjar alikitazama, akatabasamu. Nilitegemea akane. Laiti angekana.

"Baba, soko lote linafanya hivyo. Mteja ananunua rangi, nani anainama kuangalia huko chini?"

Baba yake akacheka, akasema vijana wa siku hizi wana akili ya biashara, haya, tumege mkate.

Nafosat alikuwa nyuma ya pazia, mahali pa binti siku kama hiyo. Akatoka.

"Kaka Sanjar, mama yako ungempandisha gari lile?"

"Mama yangu?" Sanjar akashangaa kweli. "Mama yangu nimemtafutia gari zima. Lile lilikuwa la kuuza."

Nikazitazama kucha zake. Zilikuwa safi bado, na sasa nilijua sababu: mikono ile haijawahi kufika kwenye bati.

Mimi ndiye niliyeutaka mkate ule kuliko wote. Nikautoa mkononi mwa baba yake Sanjar, nikaufunga tena kwenye kitambaa chake ukiwa mzima, nikamkabidhi mama yake Sanjar.

"Rudini nao, dada," nikamwambia. "Na ile soksi msiisahau."