Nilifuta "Baba" Nikaandika "Beibi"

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana Watanzania wa hapa Berea, huku Sauzi, tunajuana mpaka rangi za mapazia. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini, mzaliwa wa Morogoro, nina mke na watoto wawili. Mke wangu ni Msauzi aliyezaliwa kwetu Morogoro, wazazi wake walipokuwa uhamishoni kwa ajili ya siasa. Baba yake alifariki huko na kuzikwa huko kabla nchi yao haijawa huru. Mwaka 1994 mama mkwe akarudi Soweto, na sisi tulipooana tukamfuata. Siku za kazi nachonga makabati kwenye karakana ya mbao, na wikiendi napiga gitaa kwenye bendi ya kantri, ule muziki wa Kimarekani.

Msinicheke. Kantri nimeisikia tangu niko tumboni, marehemu mzee wangu alikuwa na kanda zake na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Kantri ile ilikuwa na kisa, jamani! Mtu anaondoka nyumbani, unajua kwa nini ameondoka. Anarudi, unajua kamkuta nani mlangoni. Dakika tatu tu, umeshalia. Ya siku hizi je? Bia, barabara ya vumbi, Ijumaa jioni, msichana wa jinzi ndani ya bakkie, ndiyo pikapu kwa lugha ya huku. Wimbo unaofuata ni msichana yuleyule, bakkie ileile, sijui hiyo jinzi anaifua lini. Nikiusikia upuuzi ule redioni nachukia mpaka kichwa kinauma, na bendini mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele kuliko wote.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2003 tulikwenda Morogoro na mke wangu kumchukua baba yake. Si mifupa, hapana. Kwa mila yao unakwenda kaburini na tawi la mti maalumu, unamwita marehemu, roho yake inakaa kwenye tawi, unamrudisha kwao. Anayebeba tawi haongei na mtu yeyote njia nzima isipokuwa marehemu, na lazima amweleze kila mnapopita, asije akapotea. Mke wangu ndiye aliyelibeba. Baba mkwe tulimkatia tiketi yake na kiti chake kwenye basi.

Siku zile zote mke wangu hakuniambia neno hata moja. Nilikuwa nakaa nyuma yao, namsikia anavyomwambia: "Baba, tumefika Tunduma, tunashuka kugonga paspoti." "Baba, sasa tunavuka mto, usiogope." Kondakta mmoja akataka kumkalisha abiria pale, nikamwambia, "Hicho kiti kina mwenyewe." Akaliangalia tawi, akaniangalia mimi, akaondoka zake. Tulipovuka mto Limpopo na kuingia Sauzi, mke wangu akasema, "Baba, umefika kwenu," akalia mpaka na mimi nikalia.

Nikatunga wimbo. Kiitikio kilikuwa maneno yake yaleyale, nikayatafsiri kwa Kiingereza, nikabakiza "Baba" tu. Kweli sikumwomba ruhusa, nilitaka nimshtukize. Mwaka jana tukaenda kurekodi. Prodyuza akausikiliza mpaka mwisho, akasema, "Eish, mzuri sana. Lakini nani atacheza na tawi? Weka msichana kwenye hicho kiti."

Bendi nzima ikanigeukia. Walishasubiri miaka sita kupata albamu. Nikasema nipeni kalamu. Ndugu zangu, hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nilifuta "Baba" nikaandika "Beibi". Lile basi nikaligeuza kuwa bakkie, paspoti nikazigeuza kuwa bia. "Beibi, sasa tunavuka mto, usiogope." Nilimaliza kabla chai haijapoa, na wala haikuniwia vigumu. Mimi, niliyewatukana watu kwa upuuzi huohuo!

Wimbo ukapendwa, unapigwa kwenye teksi na kwenye harusi. Siku moja mke wangu akaingia nyumbani na mifuko ya mboga, hakuiweka hata chini. "Maneno yangu na baba yangu yamefikaje redioni?" Mama mkwe naye alikuwa ameshausikia. Alikaa Morogoro miaka mingi, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, akanipigia simu: "Mwanangu, mume wangu umempakia gari gani?"

Nikaogopa. Nikasema mimi niliutunga kumkumbuka baba mkwe, prodyuza ndiye aliyeubadilisha bila mimi kujua, nimeusikia kama wao walivyousikia.

Wakaniamini. Mke wangu akanikumbatia, akasema, "Pole, wamekuibia." Mama mkwe akagombana na shemeji zangu wote kwa kunitetea. Kila nikifungua mdomo niseme ukweli, wananiletea chai. Natamani wangenitukana!

Sasa Jumamosi hii wameitisha ukoo mzima. Nitapelekwa umsamo, ile sehemu ya nyumba wanapoongea na wazee wao waliofariki, nipige magoti nimwambie baba mkwe kwa mdomo wangu kwamba sikujua. Mama mkwe amesema nikishasema, jambo limekwisha. Lakini mke wangu anaamini baba yake yupo pale kweli na anasikia. Nikidanganya, nitakuwa nimemtumia marehemu kwa faida yangu mara ya pili. Nikisema kweli mbele ya ukoo, mama mkwe aliyenitetea ataweka wapi uso wake, na mke wangu sidhani kama nitakuwa naye tena.

Wenye wakwe, wenye ndoa, mniambie la kufanya kabla ya Jumamosi. Naandika haya mke wangu yuko kando yangu anapiga pasi shati langu jeupe, huku ananifundisha kutamka vizuri kwa Kizulu: "Bengingazi, baba." Maana yake, baba, sikujua. Nikikosea ananirekebisha taratibu, ananiambia nirudie tena.