Perege wangu wawili na majani niliyong'oa

Leo nimesababisha mauaji sebuleni kwangu, hapa Bagamoyo.

Mama mkwe yuko njiani, na majani ya kwenye tangi la samaki yamejaa utando wa kijani. Aibu! Nikashika mkasi, nikakata, nikang'oa yote, nikapanda mapya, machanga.

Kumbe ule uchafu ndio uliowatenga perege wangu wawili.

Walipoonana tu, mkubwa akamrukia mwenziwe. Akamrarua mapezi, akamng'oa jicho.

Natoa mzoga, mama mkwe huyo mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akatazama damu. "Ndiyo maana wake wenza hujengewa nyumba mbili, mwanangu."

Mume wangu akapaliwa na chai.

Jamani, kapaliwa kwa nini? Semeni haraka. Mkasi bado ninao mkononi.