Mgeni Asiyepewa Kiti

Naikumbuka bado siku ile ya jua kali hapa Izigo. Nilikuwa nimelala chumbani na uchungu wa mtoto wangu wa kwanza, na huko uani nikamsikia baba mkwe wangu akimwambia msichana aliyetumwa kuja kuniokoa: "Kaa kwanza, mwanangu. Haraka haraka haina baraka."

Mwanangu, usicheke bado. Utacheka baadaye, na mimi nitacheka pamoja nawe. Jana wewe na wenzako mlikuja kuniuliza tuwafanyie nini wale wahudumu wa gari la wagonjwa, ambao wakiitwa huja, iwe mvua iwe jua, hata barabara yetu ikiwa tope tupu. Mkataja kofia, vyeti, hotuba na mbuzi. Nilifurahi sana, kwa maana kizazi kinachojua kushukuru hakijapotea. Lakini kabla hamjamkamata huyo mbuzi, nisikilize.

Nilikuwa mke mgeni, nimeletwa hapa kutoka Kanazi. Siku hizo mkwe wa kike hakuinua sauti mbele ya baba mkwe wake. Mimi nilizidisha. Nikimwona baba mkwe wangu, Ta Kamugisha, anakuja njiani, niliingia kwenye migomba nikajifanya natafuta majani ya kufunikia chakula, hata kama jikoni hakuna chungu kilichoinjikwa. Tangu niolewe sikuwa nimemwambia neno ambalo jirani angeweza kulisikia.

Na yeye Ta Kamugisha alikuwa mtu wa watu. Hakuna aliyekatiza kwenye kibanja chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, akaachwa apite hivi hivi. Utapewa kiti, utaletewa akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo, utaulizwa habari za kwenu mpaka za ng'ombe wa shangazi yako. Watu walisema ukiwa na haraka zungukia kwa padri, usipite kwa Kamugisha.

Basi uchungu ulinianza alfajiri. Aliyekuwa nami chumbani ni Bibi, mama yake mzazi Ta Kamugisha. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya watoto wa kitongoji hiki. Jua lilipopanda alinipapasa tumbo, akapapasa tena. Kisha akamwita mume wangu, Leonidas, akamwambia, "Mtoto amekaa vibaya. Hapa mimi sina ujanja. Panda baiskeli ukawaite watu wa hospitali." Mpaka leo namheshimu kwa neno hilo. Mkunga anayejua mwisho wa ujuzi wake ameokoa wengi.

Leonidas alikanyaga baiskeli mpaka akalipata gari la wagonjwa, akarudi ndani yake. Gari lilisimama barabarani, kwa sababu nyumba yetu iko katikati ya migomba na njia ilikuwa ya miguu tu. Dereva, kijana anaitwa Dismas, alibaki akishusha machela. Nesi akatangulia mbio na mkoba wake. Jina lake Zuhura, msichana wa Kiislamu wa Bukoba mjini. Babu yake alitoka pwani kuja kufanya biashara, lakini yeye Kihaya alikizungumza kama amezaliwa kwenye kibanja.

Hapo ndipo kosa lilipotokea, na ni kosa la watu wenye adabu. Zuhura alimwona mzee, akapiga magoti akamsalimia, akamwita tata, yaani baba. Mwanangu, ukishamsalimia Ta Kamugisha kwa magoti umeshafungua mlango ambao hutaufunga.

"Amakuru, habari za huko, mwanangu? Karibu, waitu, karibu sana. Kiti hiki hapa."

"Asante, tata. Mgonjwa yuko wapi?"

"Mgonjwa yupo, hajaenda mahali. Kaa kwanza upoe. Chukua akamwani."

"Samahani, tata, nimefunga. Ni Ramadhani."

"Umefunga? Umetoka huko kote, na jua hili, na njaa? Basi kaa zaidi! Na jioni huwezi kufuturu maji matupu nyumbani kwangu. Leonidas! Kamata jogoo!"

Ulishaona wapi mume wa mgonjwa akikimbiza jogoo? Lakini Leonidas naye alikuwa mtoto mbele ya baba yake. Mungu amlaze pema, alimkimbiza jogoo yule kuzunguka nyumba huku machozi yanamtoka, na jogoo alikuwa mjanja kuliko sisi sote. Nilisikia miguu yake ikipita nyuma ya ukuta wangu, kisha ikipita tena. Na uani baba mkwe anauliza, "Baba yako nani pale mjini? Yule mwenye duka karibu na soko? Si ndiye huyo? Basi wewe ni mtoto wetu kabisa!" Na Zuhura anajibu kwa sauti ya mtu aliyekalia upande mmoja wa kiti. Alikuwa kijana, mzee wa watu amemshika mkono, na kumkatiza mzee ni aibu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni alikuwa amekuja, na mwenyeji alikuwa akifa nyuma ya ukuta.

Kwa sababu nilikuwa nakufa, sikufichi. Nilihisi unyevunyevu chini yangu. Bibi akapitisha mkono, akaunusa. "Damu," alisema taratibu. Kisha akaniinamia. "Piga kelele, mwanangu."

"Siwezi, Bibi. Baba mkwe yuko pale nje."

"Mficha uchi hazai. Na wewe leo ukificha sauti utanifanya nikuzike wewe na kitukuu changu. Piga kelele!"

Nilipiga. Sijui sauti ile niliitoa wapi. "Tataaa! Waache waje! Nakufa mimi, na mjukuu wako anakufa!"

Bibi akachukua fimbo yake, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akasimama pale na mkono wake wenye damu. Alimkaripia mwanawe mbele ya mgeni, mbele ya majirani, na mbele ya jogoo.

"Kamugisha! Nilikufundisha kumpa mgeni kiti. Sasa nakufundisha lililobaki. Huyu hakuja kukutembelea. Ana kazi mikononi, na kazi yenyewe ni damu yako. Ukimkalisha, unamheshimu wewe unavyotaka, si yeye anavyohitaji. Ondoka kwenye njia!"

Ta Kamugisha alisimama. Wale waliokuwepo waliniambia uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Baadaye sana Bibi alinieleza jambo ambalo sikulijua: mke wake Ta Kamugisha, mama yake Leonidas, alifia kwenye chumba kile kile, akijifungua. Mzee hakuwa mpuuzi, mwanangu. Alikuwa anaogopa. Na mtu mzima akiogopa hushikilia kile anachokijua vizuri, na yeye alichokijua vizuri kilikuwa kukaribisha wageni.

Zuhura aliingia chumbani kama upepo. Hakuuliza mengi. Alinishika, akanitazama machoni, akasema, "Mimi Zuhura. Wewe nani?" Nikasema Adventina. "Haya, Adventina, tunaondoka." Dismas na majirani wakaingiza machela, nikanyanyuliwa.

Na sasa ndipo unaruhusiwa kucheka. Ta Kamugisha alikuwa ametangulia na panga. Kila mgomba ulioinamia njia aliufyeka, hata mmoja wenye mkungu ambao ulibakiza siku chache tu kukomaa, mgomba ambao asubuhi ile ungeugusa angekupeleka kwa mwenyekiti. Na habari zilikuwa zimesambaa. Wanawake walikuwa wanakuja kutoka kila upande kutupa pole, na kama desturi yetu ilivyo, wakaanza kupiga magoti njiani wamsalimie mzee. "Msinisalimie!" alipiga kelele. "Hakuna kusalimiana hapa! Simameni pembeni! Amakuru hakuna!" Wanawake wakatawanyika kwenye migomba wakidhani mzee amepandwa na wazimu. Mpaka leo wapo wanaoapa kwamba Ta Kamugisha aliwatukana siku ile. Hakuwatukana. Alikuwa amejifunza somo lake katikati ya ua, na alikuwa ameanza kulifundisha papo hapo.

Garini Zuhura alipiga magoti sakafuni kando yangu njia nzima. Mkono mmoja umeinua chupa ya maji ya dripu, mwingine umenikandamiza. Barabara ilikuwa mashimo, na kila gari lilipodunda alijigonga yeye ili nisijigonge mimi. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa saumu. Aliniambia, "Nikisema pumua, pumua. Nikisema piga kelele, piga. Ile sauti yako ya nyumbani nimeipenda." Nikacheka, mwanangu. Nikiwa katika hali ile, nilicheka. Ndipo nilipojua kwamba sitakufa.

Hospitali walinipasua, na mtoto akalia. Alichelewa kulia, lakini alipoanza hakutaka kunyamaza. Daktari alimwambia mume wangu kwamba kama tungechelewa kidogo tu, angetupokea ili atufunike shuka. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Huyo mtoto padri alimbatiza Yustina, ila nyumbani tulimwita Zuhura, na wewe unamjua kwa jina la Mwalimu, maana ndiye aliyekushika mkono akakufundisha kuandika a, e, i, o, u.

Idi ilipopita, Ta Kamugisha alivaa kanzu yake nyeupe na koti, akaenda Bukoba mjini. Alibeba jogoo yule yule. Jogoo alikuwa mzima, kwa sababu mzee alijua watu wa kina Zuhura hupenda kuchinja wenyewe. Alimkuta nesi nyuma ya hospitali anasugua machela. Hakumwita. Alisimama kivulini na jogoo wake kwapani, akasubiri, watu wakipita wakimtazama. Zuhura alipoinua macho, mzee akamuuliza, "Mwanangu, una nafasi?"

"Leo ninayo, tata."

Ndipo mzee akakaa chini, akashusha pumzi, akasema, "Haya. Tulikuwa tumefikia kwa baba yako. Hajambo?"

Zuhura alicheka mpaka akafuta macho kwa kiwiko, kwa kuwa viganja vilikuwa na sabuni. Baada ya hapo akawa mtoto wa nyumba hii kweli. Aliendelea na kazi ile mpaka nywele zikaota mvi. Alikula sikukuu nyingi akiwa amesimama, alilala na viatu, na kwenye harusi ya mdogo wake aliondoka kabla ya pilau kwa sababu gari lilikuja kumchukua kwenda Muleba kwenye ajali. Hakuna aliyemsikia analalamika, ila alikuwa akisema njaa yake haimsumbui kama watu wanaosimama katikati ya barabara kutazama.

Sasa, mwanangu, umeuliza tuwafanyie nini. Nitakujibu. Wapeni mbuzi wenu, wapeni na kofia, mimi mwenyewe nitaleta ndizi. Lakini kwanza waulizeni kama wana nafasi. Wakija wawili kwa sababu wenzao wako kazini, msinune. Simu ikilia katikati ya hotuba, mwenye kipaza sauti anyamaze, watu wasimame pembeni, na chakula chao kifungwe kwenye majani wakale njiani. Hotuba yenyewe iwe fupi. Ta Kamugisha hayupo wa kuwaambia, lakini mimi nipo.

Hiyo ni sherehe ya siku moja. Heshima yenyewe ni ya siku zote. Kile kichochoro cha kuingia kwenu, ambacho mnabishana mgomba wa nani umevuka, kikateni kiwe njia ya gari kupita. Ukiwaita, kijana mmoja akasimame barabarani awaonyeshe nyumba, wasizunguke wakiuliza. Mgonjwa akipakiwa, msipande ukoo mzima. Atakayemsindikiza ni mmoja, ninyi wengine mtafuata na bodaboda. Ukiwa mjini na bodaboda yako ukasikia king'ora nyuma yako, sogea, hata kama una abiria mwenye haraka. Haraka ya aliye kule ndani ni kubwa kuliko yake. Na hizo simu zenu, ukimwona mtu amelala kwenye damu, ipige uite msaada. Usiiinue kumpiga picha. Hilo linaniudhi, nakwambia wazi, na Bibi angekuwepo angekuonyesha fimbo yake.

Mpe mtu heshima anayoihitaji, mwanangu, hata kama si ile unayoijua wewe. Mgeni wa mazungumzo mpe kiti, na aliyekuja kuokoa mpe njia. Ukishindwa kujua yupi ni yupi, muulize, na jibu lake ulitii.

Mungu awalinde hao vijana na madereva wao, awape mikono isiyotetemeka na magari yasiyozimika mlimani. Awakumbushe wake zao na waume zao kuwawekea chakula. Na wewe uliyekuja kuniuliza, Mungu akupe maisha marefu, akupe nyumba yenye watoto wengi wa kelele. Na ikitokea siku ambayo wewe ndiye umelala chumbani unawangoja, majirani zako wawe wamesimama pembeni, njia iwe nyeupe, na wao wakukute hai.