Udongo wa Kichuguu

Juzi sokoni Sumbawanga, harufu ya udongo unaouzwa kwa wajawazito ilinirudisha utotoni, nyuma ya jiko letu. Dada yangu, na gauni lake la mtumba, alitapika kwa harufu ya pombe ya ulezi, kisha akamega udongo wa kichuguu akautafuna. Nilidhani ni minyoo. Nikakimbia kumwomba mwalimu wetu dawa. Alinisikiliza akivutavuta sikio lake kubwa. Kesho yake alimfukuza dada mbele ya shule nzima, kwa mimba aliyompa yeye mwenyewe.

Na juzi alikuwa pale sokoni, na mkewe.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Dada yako hajambo?”

Swali hilo nililisubiri miaka yote.

“Hajambo,” nilisema kwa sauti. “Na mwanao hajambo. Ana masikio yako hayo hayo.”